Magazini ya Bunduki, na Shida ya Risasi Zisizo za Kawaida

Wasikilizaji wetu wa Buhembe, wa Muleba na wa Buhaya yote, leo twataka kuongea nanyi juu ya kitu kidogo cha chuma na kamani ambacho wenye bunduki wengi hawakifikirii mpaka siku kinapokataa kazi. Kitu hicho ni magazini, yaani kisanduku kinachoshika risasi chini ya komeo la bunduki na kuzipandisha moja moja. Hatuleti habari hii ili watu watamani bunduki. Wenye ruhusa ni wachache, na yafaa wawe wachache. Twaileta kwa sababu wako kati yetu askari wa wanyamapori wanaozunguka katika nchi ya Burigi na Biharamulo, wako wenye mashamba waliopewa leseni, na wako warithi walioachiwa bunduki nzuri ya namna ambayo risasi zake hazionekani tena madukani. Hao wa mwisho ndio wenye shida kubwa kuliko wote.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Waarabu husema makhazin, maana yake maghala. Wazungu walilichukua neno hilo likawa jina la ghala ya baruti, kisha likawa jina la kisanduku cha risasi, na mwisho likaja kwetu kwa mlango mwingine. Neno letu hazina latoka katika shina lile lile. Basi tukisema magazini twasema hazina ya bunduki, na hakika risasi ya pili ni hazina, maana nyati aliyejeruhiwa hamngoji mtu afungue mkoba.

Habari za vita katika nchi yetu zatosha kuonyesha jambo hili. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walikuja Bukoba kwa meli za ziwani kutoka Kisumu, chini ya Brigedia Jenerali Stewart. Waliuteka mji, wakauangusha mnara wa simu ya upepo wa Wadachi, kisha wakapanda meli wakaenda zao. Katika jeshi hilo alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, naye wakati huo alikuwa mtu wa miaka 63. Bunduki ya askari wa Kiingereza ilikuwa Lee-Enfield ya .303, na magazini yake ilichukua risasi kumi. Upande wa Wadachi mambo yalikuwa mengine. Askari wao wengi waliianza vita ya 1914 wakiwa na bunduki ya mtindo wa mwaka 1871, yenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi. Bunduki hiyo haikuwa na magazini kabisa. Askari alitia risasi moja, akapiga, akavuta komeo, akatoa ganda, akaingiza mkono mkobani kutafuta nyingine. Tena kila alipopiga, wingu la moshi lilisimama juu yake likamwonyesha adui mahali alipolala.

Wadachi walikuwa nayo pia bunduki mpya, Mauser ya mwaka 1898, ya milimita 7.92 na risasi tano, lakini hazikuwatosha wote. Mwezi Aprili 1915 meli iliyoitwa Rubens, iliyojifanya ya watu wa Denmark, ilipenya ikafika ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, nayo ilileta bunduki na risasi. Ilipigwa mizinga na manowari ya Kiingereza ikazama nusu. Risasi zilizopatikana zilikuwa zimelowa maji ya bahari, ikawa kazi ya watu wengi kuzifungua, kuzianika na kuzifunga upya. Hata hivyo vita viliendelea, na risasi za Kidachi zikazidi kupungua. Tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck aliishambulia ngome ya Wareno iliyoko Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia Ruvuma, akachukua bunduki na risasi nyingi sana. Tangu hapo askari wake walizidi kutumia silaha za adui. Alipoweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo waitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki alizozitoa karibu zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Si kwamba Mauser ya 1898 ilikuwa mbaya. Wengi husema haijatengenezwa bunduki bora ya komeo kuliko hiyo. Ila bunduki isiyo na risasi zake ni rungu.

Wareno nao walikuwa na namna mbili, na tofauti yake yafaa kusomwa. Ya zamani, iitwayo Kropatschek, ya milimita 8, ilikuwa na magazini ya bomba chini ya mtutu, risasi zikifuatana kichwa kwa kitako kama watoto waliopanga mstari. Namna hii yataka risasi yenye kichwa butu, kwa maana kichwa cha ile ya nyuma chaegemea fataki ya ile ya mbele, na kichwa chenye ncha chaweza kuigonga. Ya pili, Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, ya milimita 6.5, ilikuwa na kisanduku cha risasi tano kilichofichwa ndani ya mti wa bunduki. Nje ya Wareno na makoloni yao risasi hiyo haikutumiwa sana. Mtu akiipata leo ana kitu cha kuwekwa katika nyumba ya makumbusho, wala si cha kwenda nacho porini.

Sasa tuitazame magazini yenyewe. Ina sehemu nne: kisanduku, kamani, kibao, na midomo. Kamani yakaa chini ikisukuma juu. Kibao chakaa juu ya kamani, na risasi zalala juu ya kibao. Midomo ni zile kingo mbili za juu zilizokunjwa kwa ndani, ambazo huizuia risasi isiruke nje, lakini huiachia pale komeo linapoisukuma mbele. Ndipo risasi ihame kutoka midomoni, iinue kichwa kidogo, iingie mlango wa mtutu. Kazi hii yote haichukui hata nusu ya nukta moja ya saa. Midomo ikiwa wazi kupita kiasi, risasi yapanda mapema, yasimama wima na kuziba njia. Midomo ikibana, risasi yabaki chini, na komeo lapita juu yake na kujifunga juu ya chumba kitupu. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mwenye bunduki hajui. Hufikiri ana risasi ndani, hulenga, huvuta, husikia mlio mdogo tu wa chuma. Askari aliye mbele ya kiboko aliyetoka majini kwa hasira hana nafasi ya kuuliza kwa nini.

Katika Mauser ya 1898 risasi hazikupangwa moja juu ya nyingine, bali zimepishana, moja kushoto na moja kulia. Wanafunzi wa shule waweza kuijua hesabu yake bila kuiona bunduki. Chukua sarafu tatu zilizo sawa, uziweke mezani zigusane zote. Vituo vyake vya kati vyafanya pembetatu iliyo sawa pande zote. Sasa pima upana wa sarafu hizo tatu zikiwa zimepishana hivyo: utaona ni upana wa sarafu moja mara 1.866. Huo ndio upana wa kisanduku kinachotakiwa. Risasi ya 7.92 ina unene wa karibu milimita 12 pale kitakoni, basi kisanduku chake chataka karibu milimita 22.3. Risasi ya .404 ya Jeffery, ambayo idara za wanyama katika Afrika ya Mashariki ziliitumia kwa tembo, ina unene wa milimita 13.8, basi yataka karibu 25.8. Ukiitia .404 katika kisanduku cha 7.92, risasi hazipishani tena kama ipasavyo: zabanana ubavuni, kamani yashindwa kuziinua. Na kisanduku kikiwa kipana mno, risasi zashuka katikati zikakaa bega kwa bega, kisha ya juu hukaa hovyo.

Hapa ndipo panapotoka shida ya risasi zisizo za kawaida. Kwa risasi inayouzwa mahali pote, kiwanda hutengeneza magazini yake makusudi, maelfu kwa maelfu, na makosa yake yamekwisha kuonekana na kusahihishwa. Kwa risasi inayotumiwa na watu wachache, kiwanda aghalabu huchukua magazini iliyofanywa kwa ajili ya risasi nyingine, hubadili kibao au hupinda midomo kidogo, na kuandika jina jipya ubavuni. Mara nyingine yafaa, mara nyingine haifai. Mnunuzi ndiye anayekuwa mjaribu.

Lakini si kila kuazima ni kubaya. Risasi zina koo zake kama watu. Risasi ya .243 ilizaliwa na ganda la .308 lililobanwa shingo. Kiuno na kitako ni vile vile, basi magazini ya moja hukubali nyingine bila ugomvi. Risasi ya 9.3×62 nayo ina habari nzuri. Ilibuniwa mwaka 1905 na fundi wa Berlin jina lake Otto Bock, naye alikuwa akiwafikiria hasa Wadachi walioishi katika makoloni ya Afrika, pamoja na huku kwetu. Walitaka risasi yenye nguvu ya kuangusha wanyama wakubwa, lakini fedha ya kununua bunduki za thamani hawakuwa nayo. Bock aliipima risasi yake iwe ndefu na nene kwa kadiri ya Mauser ya kawaida, kiasi kwamba kisanduku cha risasi tano kiliikubali karibu bila kubadilishwa. Kwa maoni yetu huo ulikuwa werevu mkubwa kuliko nguvu ya risasi yenyewe. Aliyekuja na .404 katika Mauser hiyo hiyo ya kawaida ilimlazimu akate chuma ili risasi yenye urefu wa karibu milimita 90 ipate nafasi, na chuma kinachokatwa hapo ni kile kinachoshika komeo wakati wa mlipuko.

Tukirudi kwenye .303, wengi wataiona kuwa bunduki ya kawaida kabisa, maana askari wa King's African Rifles na polisi waliishika miaka mingi. Lakini jeshi la Uingereza liliiacha katika miaka ya 1950, na tangu hapo nayo imeingia katika kundi la risasi za kutafutwa. Ina jambo lake la pekee: kitako chake kina ukingo uliotokeza nje kama ukingo wa sahani. Magazini ikijazwa vibaya, ukingo wa risasi ya juu hukaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, na komeo likisukuma, moja yaivuta nyingine na zote mbili zakwama. Mtu atavuta mpaka atoe jasho. Dawa yake ni kuzitia kwa utaratibu, ukingo wa kila risasi inayotiwa ukae mbele ya ukingo wa ile iliyoko chini yake. Tena magazini za Lee-Enfield, ingawa zatoka kwa urahisi, hazikukusudiwa kubadilishwa ovyo kama wafanyavyo watu na bunduki za siku hizi. Fundi wa kikosi aliipinda midomo ya magazini mpaka ikubaliane na bunduki moja, na askari alijaza kwa juu, risasi tano kwa tano, magazini ikiwa mahali pake. Kwa hiyo ukiuziwa magazini ya .303 iliyotoka katika bunduki nyingine, usidhani ni sawa kwa sababu tu imeingia na kushika.

Anayetaka kununua na aanze na jina la risasi, wala si upana wa mtutu peke yake. Jina huandikwa juu ya mtutu. Kusema bunduki yangu ni ya 9.3 hakutoshi, kwa kuwa iko 9.3×62, isiyo na ukingo, na iko 9.3×74R, ndefu na yenye ukingo, na hizi hazikai katika kisanduku kimoja hata kidogo. Vivyo hivyo kuna 7.62 zaidi ya moja: ile ya ganda la milimita 39, ya bunduki za Kirusi, na ile ya milimita 51, ya majeshi ya Magharibi. Anayekwenda dukani na namba nusu atarudi na kitu kisichofaa.

Akishapata magazini, aipeleke mwangani. Midomo yote miwili iwe sawa, isiwe na ufa wala alama ya nyundo. Ufa mdogo pembeni nyuma, pale chuma kilipokunjwa, si wa kusamehewa, maana huko ndiko nguvu zote huelekea. Kisha akisukume kibao chini kwa kidole: kishuke bila kuinama upande mmoja, na kipande chenyewe upesi mpaka juu. Kikipanda kwa uvivu, ama kamani imechoka, ama ndani kuna kutu au uchafu. Watu wengi husema kamani hufa kwa sababu magazini imewekwa imejaa. Sivyo. Kamani ya chuma chema iliyobanwa ndani ya kipimo chake hustahimili miaka. Kinachoiua ni kubanwa na kuachwa mara elfu nyingi, na kutu. Na Bukoba, ambako mvua ya mwaka mmoja hufika kama milimita 2,000, kutu haina likizo.

Halafu ijaribiwe na risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, za kipimo kile kile. Ijazwe yote, komeo livutwe pole pole, kisha kwa nguvu na upesi. Yako magazini yanayofanya kazi vizuri mkono ukiwa mpole, na kukataa siku ya haraka; nayo iko haraka ambayo haingoji. Risasi ya kwanza na ya mwisho ndizo za kuangaliwa sana: ya kwanza kwa kuwa kamani imebanwa mpaka mwisho, ya mwisho kwa kuwa kamani imelegea na kibao hakina mzigo wa kukitulia. Baada ya hapo ndipo iende kwenye uwanja wa shabaha, kwa ruhusa, ijaribiwe na risasi za kweli, za kiwanda kile kile atakachokitumia porini. Kichwa cha risasi chenye ncha na kile butu havipandi kwa njia moja. Magazini ikikwama mara moja, itiwe alama. Ikikwama mara ya pili, isiende tena na mtu porini, hata kama bei yake ilikuwa kubwa.

Twajua msomaji mmoja wa Maruku au wa Kamachumu atasema: sisi ni watoto wa wahunzi, mbona tusiitengeneze wenyewe? Na kweli nchi hii ina heshima yake katika chuma. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wataalamu wamechimbua matanuri yaliyoyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita, na wazee wa Buhaya waliojenga tena tanuri kwa desturi yao katika miaka ya 1970 walitoa chuma kigumu kwa moto wenye joto la kushangaza wageni. Lakini kamani si jembe. Chuma chake hutiwa moto, hupozwa ghafula, kisha hurudishwa motoni kwa kipimo mpaka rangi yake iwe buluu. Kikizidi chalegea, kikipungua chavunjika kama fimbo kavu. Tena sheria ya mwaka 2015 juu ya silaha na risasi yataka kazi hii ifanywe na mwenye leseni ya kazi hiyo. Mhunzi akipinda midomo ya magazini kwa koleo, afya ya mtu mwingine ndiyo anayoichezea.

Kama mtu bado hajanunua, na haja yake ni bunduki ya risasi isiyo ya kawaida, shauri letu ni bunduki yenye kisanduku cha ndani, chenye kifuniko cha chini kinachofunguka, wala si ile ya magazini ya kutoa. Kisanduku cha ndani hakianguki mtoni, hakisahauliwi nyumbani, hakigongwi na mlango wa gari, na kiwanda kikifa, bunduki haifi pamoja nacho. Wako watakaobisha, wakisema magazini ya kutoa hujazwa na kuondolewa upesi, na ni salama zaidi mtu apandapo gari. Ni kweli. Ila huyo na anunue tatu siku ile ile aliyonunua bunduki, azitie namba, azijaribu zote, kwa kuwa miaka kumi baadaye huenda asiipate hata moja.

Na mrithi aliyeachiwa bunduki, kwanza aipeleke polisi, maana leseni ya babu haikumrithisha mjukuu. Akishapewa ruhusa na kuona magazini ni mbovu, asijidanganye kuwa ataitumia kwa kutia risasi moja moja chumbani kwa kidole. Katika Mauser ya 1898 ule ukucha mrefu wa kutolea ganda umefanywa ushike kitako cha risasi inapopanda kutoka kisandukuni. Risasi iliyotangulia chumbani, ukucha hulazimishwa kuruka juu ya kitako chake, na ukilazimishwa mara nyingi huvunjika. Hata risasi iwe moja tu, na ibonyezwe ndani ya kisanduku kwanza, ndipo komeo liipeleke.